Kiwanja ni cha Nani?



Mwezi huu bahasha mbili zimepita mikononi mwa familia zetu za Louisville, Columbus na Buffalo. Ya kwanza inaomba mchango wa kukodi kiwanja cha mazoezi kwa vijana wetu. Ya pili imetoka nyumbani, nayo inatuomba tuchangie ukuta na nyasi za kiwanja cha mtaa. Wengi mmetuuliza: tutoe au tusitoe? Jawabu letu ni kwamba tutoe, lakini tusitoe kabla ya kuuliza maswali mawili. Kiwanja hicho ni cha nani kwa maandishi? Na ni nani atakayekitunza baada ya sherehe za ufunguzi?

Hatuulizi kwa ubahili, bali kwa kuwa tumekwisha kuumwa na nyoka, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwaka 2009 sisi wenyewe tulizunguka na daftari nyumba kwa nyumba, tukakusanya dola elfu mbili kasoro kidogo, kwa ajili ya milingoti ya magoli na nyavu za kiwanja kimoja huko nyumbani. Picha zililetwa, watoto wakishangilia, nasi tukafurahi. Haikupita miaka mitatu, kiwanja kile cha mpira kikapimwa kuwa viwanja vya nyumba, vikauzwa kimoja baada ya kingine. Tulipouliza, tuliambiwa kwamba hapakuwa na karatasi yoyote iliyotaja kuwa pale ni mahali pa kuchezea. Sisi ndio tuliokuwa hatukuandika. Baadhi ya wazee waliotoa fedha zile wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na hatukupata ujasiri wa kuwaeleza.

Tukiutazama msiba wetu huo mdogo, twaona kwamba una ndugu zake wakubwa. Wale tuliokulia Tanzania twavikumbuka viwanja vya Kirumba mjini Mwanza, Sokoine mjini Mbeya, Jamhuri mjini Morogoro, Sheikh Amri Abeid mjini Arusha na Ali Hassan Mwinyi mjini Tabora. Hivyo vyote ni mali ya Chama Cha Mapinduzi. Zama za chama kimoja, chama na serikali vilikuwa kama pete na kidole, na mwananchi aliyetoa mchango wake au nguvu zake hakuona haja ya kuuliza anampa nani. Mwaka 1992 ulipoingia mfumo wa vyama vingi, swali lile ambalo halikuulizwa likasimama mlangoni. Wako wasemao kwamba viwanja vilichangiwa na watu wote, basi virudishwe serikalini. Chama nacho husema kwamba ni mali yake halali. Hatutaki kuhukumu shauri hilo katika safu hii. Tunalosema ni kwamba zaidi ya miaka 30 imepita, na mabishano yale yangalifupishwa na ukurasa mmoja ulioandikwa vyema siku ya kwanza.

Hilo ni la umiliki. La matunzo nalo lina mafunzo yake. Uwanja wa Benjamin Mkapa wa Dar es Salaam, uliofunguliwa mwaka 2007, huchukua watazamaji wapatao 60,000. Lakini tarehe 25 Mei 2025, Simba ilipoikaribisha Berkane ya Morocco katika fainali ya pili ya Kombe la Shirikisho la Afrika, mchezo haukuchezwa pale. Shirikisho liliona kwamba sehemu ya kuchezea haikuwa katika hali ya kuridhisha, fainali ikahamishiwa Amaan, Unguja, uwanja wenye nafasi 15,000 tu. Amaan ulifunguliwa mwaka 1970, ukachakaa, ukafanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya Desemba 2023. Mdogo uliotunzwa ukamsitiri mkubwa. Kenya nayo, mwaka 2024, ililazimika kwenda Lilongwe, Malawi, kucheza michezo yake ya nyumbani ya kuwania Kombe la Dunia, kwa kuwa haikuwa na uwanja hata mmoja uliokubaliwa. Mwaka 2025 nchi zetu tatu za Afrika Mashariki zilishirikiana kuandaa mashindano ya CHAN, na zimepewa pia Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Saruji inamwagwa kwa wingi. Dua yetu ni kwamba mshahara wa mkata nyasi nao uwe umeandikwa mahali.

Je, hapa Marekani wenyeji wetu hufanyaje? Wao hawatupiti kwa wema, bali kwa maandishi. Uwanja mpya wa Buffalo Bills ulipotangazwa Machi 2022, gharama ilitajwa kuwa dola bilioni 1.4, kati ya hizo, jimbo la New York liliahidi milioni 600 na Kaunti ya Erie milioni 250. Wako raia walioona fedha hizo ni nyingi mno kumpa tajiri, na hatuwalaumu. Lakini waliandikiana mkataba wa miaka 30, na humo wakaandika kwamba gharama zikizidi, klabu ndiyo italipa. Zilizidi, na klabu ikalipa. Mjini Louisville, uwanja wa mpira wa miguu uliofunguliwa mwaka 2020 ulisaidiwa na mji kwa dola milioni 30, hasa kwa ajili ya ardhi.

Habari ya Columbus ndiyo yenye mazingatio zaidi. Oktoba 2017 mmiliki wa klabu ya Crew alitangaza kwamba huenda akaihamishia Austin. Watu wa mji waliandamana na kuimba, lakini hawakuwa na nyimbo peke yake. Palikuwa na sheria ya Ohio ya mwaka 1996, iliyotungwa baada ya Cleveland kupoteza timu yake, isemayo kwamba timu iliyonufaika na fedha za umma haiondoki bila kutoa notisi ya miezi sita na nafasi kwa wenyeji kuinunua. Mwaka 2018 sheria hiyo ilipelekwa mahakamani. Hatimaye klabu ikapata wanunuzi wa Ohio, ikabaki, na mwaka 2021 ikaingia uwanja mpya. Karatasi ya miaka 22 iliyotangulia iliwapa wenyeji mahali pa kusimama.

Hata hivyo, hati peke yake haioti nyasi. Jirani zetu wa Buffalo wenye asili ya Ayalandi wana chama cha michezo ya kwao kilichoanzishwa mwaka 1884, na mali zake huandikwa kwa majina ya wadhamini ili mtu mmoja asiweze kuziuza. Pamoja na hayo, uwanja wao wa Casement Park mjini Belfast umefungwa tangu mwaka 2013, kwa sababu ya mashauri na mvutano juu ya nani atoe fedha. Umiliki na matunzo ni mbawa mbili. Ndege haruki kwa moja.

Nasi Waislamu hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Ardhi ya Sayyidna Umar kule Khaybar iliwekwa isiuzwe, isirithiwe, wala isitolewe zawadi, na manufaa yake yawaendee wahitaji, na msimamizi akatajwa. Huo ndio wakfu, na babu zetu wa pwani waliujua vyema: aliyeweka msikiti aliweka na minazi au duka la kuulipia mafuta ya taa na mikeka. Kwa nini kiwanja cha watoto kisifikiriwe hivyo hivyo?

Basi, ushauri wetu kwa bahasha ya nyumbani ni huu. Tuombe nakala ya hati, yenye majina ya wadhamini wasiopungua watano, na maneno ya wazi kwamba ardhi ni ya michezo ya watoto. Aidha, katika kila dola 10 tutakazotoa, dola 3 ziwekwe kando kwa ajili ya matunzo. Hati isipopatikana, fedha zirudishwe kwa wenyewe, kila mtu na jina lake.

Kwa bahasha ya hapa, tumeona vijana wakitolewa uwanjani katikati ya mchezo kwa kuwa wenye kibali wamefika. Vijana hao ni wa Uvira na Kigoma, wa Mombasa na Unguja, na wengine walizaliwa kambini Nyarugusu au Dadaab. Kutolewa mahali si jambo geni kwao. Tusiwaache waizoee hali hiyo hata katika mchezo. Kila mji uchague wazee wawili wakaombe kibali cha msimu mzima na bima yake mapema, kabla ratiba za viwanja hazijajaa.

Safari hii daftari ni lile lile, ila ukurasa wa kwanza tumeuacha mtupu, tukisubiri nakala ya hati.

Wabillahi tawfiq.