Itifaki Imezingatiwa

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye warsha moja mjini hapa, si mbali na Kikuyu ninakoishi, iliyohusu usalama wa mipaka na silaha ndogo ndogo. Ratiba ilisema tungeanza saa tatu. Hadi saa nne na robo tulikuwa bado tunatambulishwa, na kiti kimoja cha mbele kilikwisha kuhamishwa mara tatu kwa sababu cheo cha mgeni mmoja kilipaswa kutangulia cha mwenzake. Hatimaye msemaji wa kwanza alisimama na kutamka maneno ambayo kila mkazi wa Dodoma anayajua: "Itifaki imezingatiwa." Mada yenyewe ilibakiwa na dakika 40. Niliinua mkono kuuliza ni nani kati yetu aliyewahi kuyasoma makubaliano ambayo kwayo vifaa tulivyoonyeshwa kwenye picha viliingizwa nchini. Nilijibiwa kwamba muda hauruhusu.

Siandiki kulalamikia kiti. Naandika kwa sababu tabia hii ya kushughulikia heshima kwanza na masharti baadaye, au kutoyashughulikia kabisa, ina historia, na historia hiyo iliandikwa kwa wino na wale waliojua vyema faida yake.

Chukua Mkataba wa Buganda uliotiwa sahihi tarehe 10 Machi 1900. Kabaka Daudi Chwa alikuwa mtoto wa miaka mitatu, kwa hiyo waliosimama kwa niaba yake ni walezi wa kiti: Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri. Upande wa pili alikuwapo Sir Harry Johnston. Mkataba ule ulimpa Kabaka hadhi ya kuitwa Mtukufu, tena ukamtengea mizinga tisa ya heshima. Mtu anayesoma harakaharaka atadhani anasoma hati baina ya watawala wawili. Aendelee kusoma. Kila nyumba ilitozwa rupia 3 kwa mwaka, na kila mwenye bunduki rupia 3 nyingine. Kabaka mwenyewe, mwenye ufalme uliokuwa na jeshi na mitumbwi ya vita kabla Mwingereza yeyote hajaliona Ziwa Nyanza, alipewa leseni 50 za bure ili awape silaha watu wa nyumba yake. Haki yake ya kuwaita wanaume kulinda nchi ilitambuliwa, lakini angeitumia kwa ushauri wa mwakilishi wa Uingereza tu.

Mizinga tisa ya kupigiwa, bunduki 50 za kushika. Sijui hati nyingine inayoonyesha biashara hii waziwazi namna hiyo. Heshima ilikuwa malipo, na kilichonunuliwa ni uwezo wa kukataa. Bei yake ilijulikana tarehe 30 Novemba 1953, Gavana Andrew Cohen alipofuta utambuzi wa Kabaka Mutesa II na kumpakia ndege kwenda Uingereza. Mizinga tisa haikumsaidia kitu. Na tusijidanganye kwamba mambo yaliishia kwa wakoloni: Mei 1966 ilikuwa serikali ya Uganda huru, na jeshi lililorithiwa kutoka kwa Waingereza, vilivyolishambulia kasri la Mengo.

Sasa tuje nyumbani. Wanafunzi wangu wanapofika kwenye vita ya Zanzibar ya tarehe 27 Agosti 1896 hucheka. Wamesoma mahali fulani kwamba ndiyo vita fupi kuliko zote duniani, dakika 38 au karibu na hapo, nao huichukua kama kichekesho cha mtandaoni. Hucheka hadi nitakapowaambia kwamba upande wa Zanzibar waliuawa au kujeruhiwa watu wapatao 500, na upande wa Uingereza alijeruhiwa baharia mmoja.

Vita ile ilianza kama ugomvi wa itifaki. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti. Khalid bin Barghash aliingia kasri, akajitangaza, akapiga mizinga ya kifalme kama desturi ilivyotaka. Lakini tangu nchi iwekwe chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890, hakuna aliyeweza kukalia kiti kile bila ridhaa ya Konseli wa Uingereza, na Khalid hakuwa nayo. Konseli Basil Cave alikataa kumtambua. Bendera za mji ziliendelea kupepea nusu mlingoti kumwomboleza marehemu, na juu ya kasri ilipepea nyekundu kubwa ya Khalid. Kwa lugha ya kidiplomasia mtu huyo hakuwepo. Asubuhi ya siku ya tatu manowari za Admeri Rawson zilimthibitishia hivyo kwa makombora.

Tazama silaha alizokuwa nazo. Katika mizinga yake miwili ilikuwa zawadi ya Kaisari Wilhelm II, na mmoja ulikuwa wa shaba, wa karne ya 17. Meli yake Glasgow, iliyozamishwa bandarini, ilikuwa meli ya fahari zaidi kuliko ya vita. Na jeshi la kisasa la Zanzibar? Lilikuwepo. Liliundwa tangu mwaka 1877 na afisa wa manowari za Uingereza, Lloyd Mathews, ambaye mwaka 1891 alifanywa waziri wa kwanza wa serikali ya Sultani. Siku ile askari wa Mathews walisimama upande wa Waingereza. Nchi ilikuwa na jeshi ambalo amri yake ilitoka kwingine, na vitu vya zawadi ambavyo thamani yake ilikuwa kupendeza macho.

Wako watakaosema, na ni haki yao, kwamba udhibiti wa silaha ulikuwa na sababu njema. Sheria ya Brussels ya mwaka 1890, ambayo Zanzibar ilihesabiwa miongoni mwa waliotia sahihi, ilizuia bunduki za kisasa kuingizwa kiholela barani kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini mwa ikweta, kwa hoja kwamba bunduki ndizo zilizolisha biashara ya watumwa. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli. Sisi wa nyanda za kati hatuhitaji kufundishwa misafara yenye bunduki ilifanya nini njiani. Mimi pia sitamani kuona bunduki zikiuzwa Majengo kama nyanya. Lakini sheria ile ile iliyomnyima mtemi bunduki ya kisasa haikumnyima Mjerumani aliyejenga boma Mpwapwa. Ilichagua nani ashike ufunguo wa ghala.

Na hapa Ugogo itifaki tulikuwa nayo. Iliitwa hongo. Msafara uliopita ulilipa nguo, shanga au waya kwa mtemi, nao ukapata njia na maji, katika nchi ambayo maji ya kiangazi ni uhai. Wazungu wasafiri waliandika kurasa nyingi wakiiita unyang'anyi. Wao walipotoza ushuru kwenye bandari za pwani, waliuita forodha. Utawala wa Kijerumani ulipokaa imara, hongo ilifutwa, na neno lenyewe leo limebaki na maana ya rushwa. Sidhani kuna neno jingine la Kiswahili lililoonewa namna hiyo.

Aliyeelewa somo hili mapema alikuwa Nyerere, na alilielewa kwa aibu. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi lililokuwa bado na maafisa wa Kiingereza, waliasi, na serikali ikalazimika kuwaita Waingereza wawanyang'anye silaha. Siku chache kabla, tarehe 12 Januari, serikali ya Zanzibar iliyopata uhuru siku 33 tu nyuma, yenye bendera na kiti Umoja wa Mataifa lakini haina jeshi, ilianguka baada ya ghala la silaha la polisi Ziwani kutekwa. Kufikia Septemba 1964 JWTZ lilikuwa limeundwa upya kabisa.

Kwa nini basi, miaka sitini baadaye, tunarudia ukumbini kile ambacho yeye alikikwepa? Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge, hatua chache kutoka hapa, kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Maneno hayo ya mwisho ni mlango wa nyuma. Makubaliano ya mafunzo, ya vifaa, ya ushirikiano wa kiulinzi yanaweza kuandikwa bila kudai kuridhiwa, na yakapita. Watumishi wa umma mnaosoma ukurasa huu mnayajua kuliko mimi. Nataka ibara hiyo irekebishwe ili kila makubaliano ya silaha na usalama yafikishwe bungeni, hata kama ni mbele ya kamati kwa faragha. Na hadi hapo, nataka afisa anayeandaa hafla ya makabidhiano aandae pia nakala ya masharti, aiweke mezani kabla ya kupanga viti.

Wanafunzi wa mwaka wa tatu wameshapewa kazi: kuisoma Ibara ya 63 kando ya Mkataba wa 1900, kifungu kwa kifungu, na kueleza kila upande ulitoa nini na ulipokea nini. Ninaipokea Ijumaa, kabla ya saa kumi, bila utambulisho.