Bukavu: taa moja isilipe bei ya resho

Katika parsele nyingi za Kadutu, Ibanda na Bagira, nyumba kadhaa hutumia kipimo kimoja cha umeme. Fakturi ya SNEL ikifika, mwenye parsele huigawa kwa idadi ya milango. Familia iliyokimbia vita, yenye balbu moja tu, inalipa sawa na jirani anayepika kwa resho. Huo si ugawaji, ni uonevu.

Hesabu yake haihitaji injinia. Soma wati zilizoandikwa kwenye chombo, zidisha kwa saa za kukitumia, kisha gawanya kwa 1000: hizo ndizo kilowati-saa. Resho ya wati 1000 ikiwaka saa 3 kwa siku inakula kilowati-saa 3. Balbu ya wati 9, ikiwaka saa 5 kila usiku, itafikisha hizo 3 baada ya siku 67 hivi.

Wengine husema kuhesabu kutaleta ugomvi. Ugomvi upo tayari, kila fakturi inapofika. Wenye parsele waandike vyombo vya kila nyumba, wasome namba za kipimo mbele ya wapangaji wote, na kila mmoja alipe alichotumia. Aliyepoteza shamba na nyumba asilipishwe pia moto wa chungu cha mwingine.