Mlima si Nishani

Wako watu wasemao kwamba jina si kitu, na kwamba mlima ni mlima tu, uuite utakavyo. Msomaji, maneno hayo usiyakubali upesi. Ikiwa jina si kitu, mbona wenye mamlaka hulipenda sana? Mbona huyabandika majina yao juu ya barabara na madaraja, na hata juu ya majabali yasiyokaliwa na mtu? Nitakuonesha jambo hili kwa mfano wa mlima mmoja ulio mbali mno, mahali pasipo kijiji wala shamba wala kaburi la mababu.

Kusini kabisa ya Bahari ya Hindi, zaidi ya kilometa 1,700 kutoka pwani ya Afrika Kusini, kipo kisiwa kiitwacho Marion. Baridi yake ni kali, upepo wake hautulii, na wakazi wake ni pengwini, sili na ndege wakubwa wa baharini. Wanadamu hawakupafanya kwao. Zamani walifika wawindaji wa sili, na tangu mwaka 1948 hukaa huko kwa zamu watumishi wa kituo cha hali ya hewa pamoja na wataalamu. Kisiwa chenyewe ni mlima wa volkano uliochomoza baharini, na kilele chake kimepita meta 1,200. Kilele hicho leo huitwa Mascarin. Zamani kiliitwa Kilele cha Rais Swart.

Ni nani huyo Swart? Charles Robberts Swart alikuwa Waziri wa Sheria wa Afrika Kusini tangu 1948 hadi 1959, wakati serikali ya ubaguzi wa rangi ilipokuwa ikikaza kamba. Yeye ndiye aliyeisimamia sheria ya mwaka 1950 ambayo kwa jina ilipinga ukomunisti, lakini kwa kweli iliwaziba vinywa wapinzani wa serikali. Katika wakati wake pia, mwaka 1953, ilipitishwa sheria iliyoruhusu watu kuchapwa viboko kwa kuzivunja sheria za nchi ili kuzipinga. Mwaka 1961 akawa Rais wa kwanza wa jamhuri ile, akatoka mwaka 1967. Lakini cheo chake hakikutoka pamoja naye: kilibaki kileleni miaka mingi, kama kanzu iliyosahauliwa kwenye kamba. Mwaka 1980 volkano ikalipuka, wala haikujali heshima ya jina lililobandikwa juu yake.

Mwaka 2003 jina hilo likaondolewa, likawekwa la Mascarin. Hilo ni jina la merikebu. Mnamo Januari 1772 Mfaransa Marc-Joseph Marion du Fresne alifika katika maji yale na merikebu mbili, Mascarin na Marquis de Castries. Alikuwa akilitafuta bara kubwa la kusini, na alipoiona nchi kavu akaiita Nchi ya Matumaini. Matumaini hayo hayakutimia, kwa maana kilichokuwa mbele yake kilikuwa kisiwa tu. Tena merikebu zake ziligongana zikaharibika. Miezi michache baadaye yeye mwenyewe aliuawa New Zealand.

Hapa mtu atanipinga. Atasema, “Umemwondoa mgeni mmoja, ukamleta mgeni mwingine!” Tena ataongeza kwamba jina Mascarin lenyewe linatokana na visiwa vya Mascarene, navyo viliitwa hivyo kwa ajili ya baharia Mreno, Pedro Mascarenhas. Ni kweli. Lakini mgala muue, na haki yake umpe. Pale ambapo wenyeji wapo, jina lao ndilo la kwanza, na mgeni hana ruhusa ya kulifuta. Marion hakikuwa na wenyeji. Mahali kama hapo, jina la haki ni lile linalosimulia jambo lililotokea hapo kweli. Merikebu ile ilifika. Kama wangechagua Maerseveen, merikebu ya Mholanzi Barent Barentszoon Lam aliyeviona visiwa hivyo mwaka 1663, nisingelalamika hata kidogo.

Tazama sasa kinyume chake papo hapo. Mnamo Desemba 1776 James Cook alipita karibu na kisiwa hiki na jirani yake, akaviita vyote viwili Visiwa vya Prince Edward, kwa heshima ya mwana wa nne wa Mfalme wa Uingereza. Mtoto huyo alikuwa na umri wa miaka tisa! Alikuwa amefanya nini, ila kuzaliwa katika jumba la kifalme? Jina hilo lingali katika ramani hadi leo.

Mwingine atasema kwamba kubadili jina ni kufuta historia. La hasha! Matendo ya Swart yaandikwe vitabuni, na watoto wayasome, mema na mabaya. Kukumbuka ni jambo moja, na kutukuza ni jambo jingine. Jina la mlima ni heshima, na heshima hainyakuliwi kwa cheo.

Basi wewe unayesoma leo darasani, kesho utaketi katika kamati itakayoipa jina shule, barabara au uwanja. Atasimama mtu apendekeze jina la mkubwa aliye madarakani, na wengine watapiga makofi ili waonekane. Wewe usipige. Uliza kwanza: mtu huyu amefanya nini mahali hapa? Je, akiondoka katika kiti chake, tutalitaja jina hili bila haya? Ukikosa jibu, lipinge pendekezo hilo waziwazi, hata ukibaki peke yako.