Walibora na Mpaka wa Bara na Pwani

Mcheza kwao hutunzwa, walinena wahenga. Lakini kwao mtu ni wapi anapoicheza ngoma ya lugha ambayo wengi wanasadiki kuwa si yake? Swali hili huwakabili wanafunzi wengi wa Kiswahili katika vyuo vya magharibi mwa Kenya. Mwanafunzi aliyelelewa Malava au Shinyalu huingia katika darasa la fasihi mjini Kakamega akiwa keshaamini kwamba Kiswahili kina wenyewe, na kwamba wenyewe hao wako Lamu, Mombasa, Tanga na Unguja. Akitamka "papa" mahali pa "baba" huchekwa. Kicheko hicho humfunza kwamba kazi yake ni kujifunza lugha, kuifanyia mtihani na hatimaye kuifundisha, si kuitungia.

Maisha na kazi za marehemu Ken Walibora ni hoja nzito dhidi ya imani hiyo. Walibora alizaliwa Bungoma katikati ya miaka ya 1960 na kukulia Trans Nzoia, katika mazingira ya mashamba ya mahindi yaliyo mbali na minazi na mikoko. Alisoma Chuo Kikuu cha Nairobi, akafanya kazi ya utangazaji wa habari, kisha akaenda Marekani. Huko alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Ohio State kwa utafiti kuhusu masimulizi ya wafungwa wa kisiasa wa Kenya, na baadaye akafundisha katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Mtunzi wa Ndoto ya Amerika (2001), kitabu kinachosaili hamu ya vijana ya kwenda ng'ambo, alifika huko ng'ambo, akarejea nyumbani na kuendelea kuandika hadi alipofariki Nairobi tarehe 10 Aprili 2020.

Hata jina lake lina funzo. Katika makala za kitaaluma alijiita Ken Walibora Waliaula. Mwenye kuijua kamusi atatambua kwamba "aula" ni neno la Kiswahili lenye maana ya bora zaidi. Kwa hivyo jina la ukoo wa Magharibi na jina la kalamu vinapokezana maana ndani ya Kiswahili, bila hata mmoja kumfukuza mwenzake.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba Siku Njema (1996), riwaya iliyompa Walibora umaarufu, inasimuliwa na Kongowea Mswahili, kijana wa Tanga. Kwamba basi hata Walibora alilazimika kuazima mtoto wa pwani ili Kiswahili chake kikubalike. Hoja hii ina uzito wake, ila inaangalia mwanzo wa safari na kuusahau mwisho. Kongowea anatoka Tanga kumtafuta baba yake, na utafutaji huo unamfikisha Kitale. Mama yuko pwani, baba yuko bara, na mtoto mwenye jina la Mswahili ni wa wote wawili. Awe mwandishi alikusudia au hakukusudia, ni vigumu kupata jibu lililo wazi zaidi kwa swali kongwe la Mswahili ni nani.

Isitoshe, Walibora hakubaki Tanga. Katika Kufa Kuzikana (2003) alisimulia urafiki wa Akida na Tim, vijana wa jamii mbili zinazohasimiana, miaka minne kabla ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Katika Kidagaa Kimemwozea (2012) alimchora Mtemi Nasaba Bora, kiongozi mnyakuzi wa ardhi. Ukabila na ardhi ni vidonda ambavyo mkazi yeyote wa Trans Nzoia anavijua. Kiswahili kilipotumiwa kuvieleza hakikupwaya.

Wala Walibora hakuwa wa kwanza kuuvuka mpaka huu. Shaaban Robert mwenyewe, anayeenziwa kama baba wa fasihi ya Kiswahili ya kisasa, alizaliwa karibu na Tanga mwaka 1909 katika familia yenye asili ya Kiyao. Euphrase Kezilahabi, mtunzi wa Rosa Mistika (1971), alikuwa mtoto wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Viktoria ambacho kiko karibu zaidi na Kakamega kuliko Dar es Salaam. Naye pia alifariki mwaka 2020, miezi mitatu kabla ya Walibora. Katika mwaka mmoja, riwaya ya Kiswahili ilipoteza nguzo mbili, na zote mbili zilikuwa zimechongwa kwa miti ya bara.

Kusema hivi si kuidharau pwani. Asiyezisoma tenzi za kale na asiyejua Kiamu wala Kimvita ataandika Kiswahili chembamba. Walibora asingeimudu lugha yake pasipo kuwasoma waliomtangulia. Lakini kuna tofauti kati ya kumheshimu mwalimu na kukaa milele mlangoni pake.

Hapa ndipo lawama inapowaangukia wasomi wa Kiswahili. Siku Njema na Kidagaa Kimemwozea zilitahiniwa katika shule za upili, na maelfu ya wanafunzi walizisoma kwa ajili ya Karatasi ya Tatu. Wengi walikariri maudhui na sifa za wahusika kutoka katika miongozo. Wachache waliambiwa kwamba aliyeziandika alitoka mwendo mfupi tu upande wa kaskazini, wala hawakuchochewa kujiuliza kwa nini wao nao wasiandike.

Kidagaa Kimemwozea yenyewe inalijibu suala hili. Ndani yake, mwenye mswada ni Amani, kijana anayechunga ng'ombe. Anayeuiba na kuuchapisha kwa jina lake ni Mwalimu Majisifu, msomi mwenye sifa kubwa. Kipaji kipo kwa yule asiyetazamiwa. Na msomi asiyetunga lake huishia kutamani la mwenzake, iwe ni mswada wa riwaya au tasnifu iliyonakiliwa usiku kutoka katika intaneti.

Kakamega haikosi la kusimuliwa. Kuna dhahabu iliyowavuta wageni katika miaka ya 1930, kuna msitu, kuna isukuti na mapigano ya mafahali, na kuna wakulima wa miwa walioshuhudia kiwanda cha Mumias kikiwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019. Wahadhiri na waikubali kazi ya kubuni kuwa sehemu ya masomo, na wanachama waache kuleta katika jarida uhakiki mtupu wa vitabu vya wengine. Mwanafunzi wa Shinyalu na aandike kwa Kiswahili alichonacho, kisha akinoe kwa kusoma. Akichekwa kwa lafudhi, na asikome kuandika. Kalamu haina lafudhi.