Ngeli Masjalani: Maoni Kuhusu Stadi za Watunza Kumbukumbu wa Serikali

Yanapozungumzwa mambo ya stadi za kitaaluma zinazohitajiwa na watunzaji wa taarifa na maarifa ya Serikali, aghalabu hutajwa mawili: utaratibu wa masjala na matumizi ya kompyuta. Makala haya yanakusudia kutetea jambo la tatu, ambalo kwa maoni yetu ndilo msingi wa hayo mawili, nalo ni ujuzi wa lugha. Tutajifunga na Tanzania, ambako mwaka 1967 Serikali iliagiza shughuli zake ziendeshwe kwa Kiswahili.

Tuanze na istilahi zenyewe. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002, kama inavyoitwa kwa Kiswahili, hutenganisha kumbukumbu, yaani maandishi yanayotokana na kazi za ofisi, na nyaraka, yaani yale yaliyochaguliwa kuhifadhiwa daima kwa thamani yake. Lakini mwambie karani akuletee nyaraka za kikao: atakuletea karatasi za asubuhi ile ile. Neno taarifa nalo, katika Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, lasimamia dhana ambayo katika kifupisho TEHAMA huitwa habari; kisha katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 neno lilo hilo limebeba dhana ya data. Hatusemi kwamba watunga sheria walikosea, kwani lugha hai hulitwisha neno moja kazi nyingi. Twasema kwamba anayepaswa kutenga majalada kwa misingi ya dhana hizo asiachwe abahatishe.

Zito zaidi ni suala la sarufi. Faharasa ya masjala hupangwa kwa alfabeti, na mifumo mingi ya kompyuta hutafuta kwa kulinganisha herufi. Mbinu iliyozoeleka ya kupata neno pamoja na maumbo yake ni kuacha wazi mwisho wa neno. Mbinu hiyo yakifaa Kiingereza, ambacho wingi wake kwa kawaida hujitokeza mwishoni. Kiswahili, kama zilivyo lugha nyingine za Kibantu, hubadilisha nomino mwanzoni. Kwa hiyo kiwanja kitakaa chini ya K na viwanja chini ya V; mpaka hautakutana na mipaka, wala mgogoro na migogoro. Kompyuta italiona shamba ndani ya mashamba, lakini hiyo ni bahati ya ngeli tu.

Tuchukulie kwamba mwananchi ameiandikia ofisi ya wilaya kuhusu mpaka wa kiwanja chake. Afisa wa kwanza anafungua jalada aliloliita "Mgogoro wa Kiwanja". Afisa huyo akihamishwa, mrithi wake anaiweka barua ya pili katika "Malalamiko: Viwanja". Barua ya tatu inaishia katika lile jalada la "Mengineyo", ambalo ni nadra kukosekana masjalani. Mwananchi akiomba taarifa kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2016, ofisi ina siku 30 za kumjibu, naye atajibiwa kwamba jalada halionekani. Halikuibwa wala halikuungua. Limo kabatini, kwa jina jingine.

Wanaleksikografia walikwisha kukabiliana na tatizo hili. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 iliweka nomino nyingi zinazotokana na vitenzi chini ya mizizi yake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ya mwaka 1981 iliorodhesha nomino kwa umbo la umoja. Kila njia ina hasara zake, ila ni njia moja iliyofuatwa toka A hadi Z. Masjalani uamuzi huo huachiwa mkono wa karani wa zamu.

Watakuwapo watakaodai kuwa kompyuta yaweza kufundishwa ngeli. Ni kweli, Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kazi ya kichanganuzi cha mofolojia ya Kiswahili tangu miaka ya 1980. Lakini uchanganuzi wa viambishi hautaiambia mashine kwamba "malalamiko" ya mtu huyu na "mgogoro" wake ni shauri moja. Hilo lahitaji orodha ya istilahi inayoonyesha neno lipi litumike na yapi yaelekezwe kwake.

Matangazo ya nafasi ya Msaidizi wa Kumbukumbu hudai stashahada katika fani kama masjala, ardhi, mahakama au afya. Na vyuo vinavyotoa stashahada hizo hatuna ugomvi navyo. Ugomvi wetu ni na idara zetu wenyewe. Tasnifu za ngeli za nomino zimejaa makabatini mwetu, na wasomaji wake wakubwa ni watahini.

Kwa hiyo tunapendekeza mwanafunzi wa uzamili apelekwe masjala ya wazi kwa muhula mmoja, akusanye majina ya majalada tu, bila kugusa yaliyomo, ili siri ya mtu isivunjwe. Aweke umoja kuwa kidahizo, visawe vielekezwe kwake, na majina ya zamani ya Kiingereza yaandikwe kando. Orodha hiyo ipelekwe BAKITA kwa usanifishaji kabla ya kurudishwa masjalani. Kazi na ianze na majalada ya ardhi ya wilaya moja. Ya wizara nzima tutayazungumza tukishaona matokeo.