Mawifi wawili, njia moja hadi Ujiji

Jumamosi iliyopita nilitembea kutoka stesheni ya Kigoma kuelekea Ujiji, katikati ya wanawake wawili ambao kwa miaka mitatu hawajapikiana hata chai. Mmoja ni mama yangu, Mkatoliki. Wa pili ni shangazi, Mwislamu. Baba alipofariki walizozana: azikwe na padri au na shehe? Ndugu zake wakamzika Ujiji, mama akaondoka bila kuaga.

Safari aliianzisha mama mwenyewe. Aliiita hija, shangazi akaja juu: hija ni ya Maka, hii ni ziara ya kaburi. Basi tukaiita matembezi, tukaondoka alfajiri kabla ya jua kuwa kali.

Mlima wa kwenda Mwanga ulitutoa jasho. Tulipumzika mara tatu chini ya miembe, tukinywa maji kidogo kidogo. Karibu na sokoni nikaona mama anaburuza mguu. "Si kitu," akasema.

Mama ana kisukari mwaka wa tisa sasa. Msomaji, sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, nyayo zikafa ganzi. Mtu anakanyaga msumari asijue. Shangazi ndiye aliyemkalisha kwenye benchi la duka, akamvua kiatu. Soksi ilikuwa na damu. Kokoto ilikuwamo, pengine tangu stesheni!

Shangazi alikiosha kidonda kwa maji yetu ya kunywa, mimi nikakifunga kwa kitambaa safi. Mama bado akataka kutembea.

"Wifi, kaka yangu hana haraka," shangazi akamwambia, akaita bajaji.

Hivyo matembezi yetu yaliishia Mwanga. Kwenye mnara wa Livingstone, mahali Stanley alipomkuta mwaka 1871, tulisimama kidogo. Mimi huwa namfikiria zaidi Susi, aliyekimbia kumpa mzee habari kwamba mgeni amefika. Livingstone alipokufa mwaka 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, Susi, Chuma na wenzao, Wakristo na Waislamu, waliukausha mwili wake wakaubeba kwa miezi hadi Bagamoyo. Wa kwetu tulishindwa kumzika bila ugomvi, na kaburi lilikuwa umbali wa bajaji.

Makaburini shangazi aliinua mikono akasoma Fatiha. Mama alikaa pembeni na rozari yake. Kisha tukala migebuka kwa shangazi, ugali na mawese.

Kama mzazi wako ana kisukari, mkung'utie viatu kabla ya kuvivaa, visiwe vipya wala vya kubana, na mkague nyayo kila jioni. Lengelenge msilitumbue. Kidonda, hata kidogo, kipelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Sisi tulichelewa hadi Jumatatu, na muuguzi alitusema.

Shangazi alimsindikiza wifi yake kliniki. Muuguzi alimpima naye sukari, mara yake ya kwanza maishani. Ilikuwa juu.