Crown au Mark X? Iulizwe Njia ya Mbaga

Kila Desemba Wapare walioko Dar es Salaam na Arusha hurudi nyumbani, na mji wa Same hujaa ubishi wa aina moja. Huyu anasifu Crown Athlete yake, yule anaapa kwamba hakuna kama Mark X, na wa tatu anawabeza wote kwa kuwa yeye amekuja na BMW. Wanashindana kwa viti vya ngozi, kwa muungurumo wa injini, na kwa nani alimpita nani pale Hedaru. Kisha magari yote matatu yanalazwa uani kwenye nyumba za wageni, na wenyewe wanapanda Noah au bodaboda kwenda Mbaga, Suji au Chome kumsalimia mama.

Jambo hili linakera.

Gari zuri ni neema ya Mungu kwa aliyehangaika, na hakuna wa kumwonea kijicho. Lakini ubishi wenyewe una nini? Crown iliyotoka Desemba 2003 na Mark X iliyokuja 2004 kurithi nafasi ya Mark II ni ndugu wa tumbo moja, wote wa Toyota, na zote mbili ziliuzwa zikiwa na injini ileile ya V6 ya lita 2.5, yaani 4GR-FSE. Hata ugonjwa wao ni mmoja. Petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo vali za kuingizia hewa hazioshwi na mafuta. Masizi yanajazana, na siku moja asubuhi injini inaanza kutetemeka. Mwenyewe husema ni plagi tu. Akipenda, chongo huita kengeza!

Na huyo wa BMW? 3 Series nyingi za umbo la E90 zilitoka kiwandani bila tairi la akiba, kwa kutegemea matairi magumu yanayoweza kwenda mwendo mfupi hata yakiisha upepo. Pancha ikimkuta usiku kati ya Hedaru na Makanya, atajua kwamba vyote ving'aavyo si dhahabu.

Wapare ni watu wa hesabu, na sifa hiyo wameipata kwa haki. Mwaka 1945 wazee wao walikusanyika hapa Same kwa maelfu kuikataa kodi ya mbiru, kwa sababu waliipima wakaona haina uadilifu, na mwishowe Mwingereza akaiondoa. Wajukuu wa watu hao leo wanaagiza gari la zaidi ya cc 2,000, wanatozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 badala ya 5, juu ya asilimia 25 ya forodha na 18 ya VAT, wala hawajiulizi injini hiyo ina kazi gani kwenye foleni ya Ubungo. Premio ya cc 1,500 ingewafikisha Kariakoo saa ileile. Anayetaka anasa ya kila siku, basi achague kwa kuinama na kutazama chini ya gari, apime kimo cha sampo na bampa, amwite fundi asikilize injini ikiwa bado baridi. Rangi na rimu zisubiri.

Na hapa haiwezekani kunyamazia la pili. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na ngamani ya Mpare ni mlimani. Desemba ni mwezi wa vuli. Njia ya kupanda Mbaga inateleza, makorongo yanakata kona. Nani anayaziba? Wazee na akina mama, kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, kama walivyofanya baba zao. Vijana wa mjini, wenye nguvu na elimu iliyolipiwa kwa mazao ya mlima huohuo, wanalalamika kwamba gari lao haliwezi kupanda. Aibu iliyoje! Bei ya rimu nne za kung'aa ingenunua kifusi cha kona moja mbaya.

Basi safari hii msaragambo ukiitwa, wa Crown na wa Mark X washuke wote na majembe, na aliyezuiwa na kazi atume fedha za kumlipa mtu wa kushika jembe badala yake, kabla hajaagiza rimu.